Diski ya Buganguzi Haijafa

Jumamosi, nyumbani Nyanga. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa yamebaki manyunyu. Buti zangu ziko nje mlangoni zimejaa tope jekundu la Muleba, na sina mpango wa kuziosha leo.

Nimechoka. Sijuti.

Kwenye blogu hii huwa naandika ukweli wa kazi yangu, hata siku ambazo ukweli wenyewe haunipambi. Ukweli wa wiki hii ni kwamba nilishinda na hasira tangu Jumanne, na hasira hiyo ndiyo iliyonibeba. Mama yangu akisoma hapa atasema mwanamke hajengi jina kwa ubishi. Mama, safari hii nisamehe.

Jumanne nilikuwa kwenye kijiofisi changu mjini Bukoba, nimefungua printa ya mteja, mikono imejaa wino. Adventina akapiga simu. Ni muuguzi mfawidhi wa zahanati ndogo ya kanisa kule Buganguzi. Tulisoma naye sekondari, yeye akilala kitanda cha juu na mimi cha chini, na tangu wakati huo si mtu wa kupiga simu ili alalamike tu.

"Koku," alisema, "wanataka kufuta watoto wangu."

Watoto wake ni wale wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wanakuja kliniki kila mwezi, wanapimwa, wanapewa vidonge. Dozi haifanani. Inaanza chini, inapandishwa polepole kwa kufuata uzito na majibu ya damu, na kuna mtoto ambaye ukimpandishia unamdhuru. Historia hiyo yote iko kwenye mfumo wa zamani wa zahanati. Mafaili ya karatasi yaliharibika paa lilipovuja.

Mfumo huo unaishi ndani ya kompyuta pepe. Kwa asiyejua, hiyo ni kompyuta iliyo ndani ya kompyuta nyingine. Haina chuma wala waya. Diski yake yote ni mafaili tu, unaweza kuyanakili na kuyahamisha kama unavyohamisha picha za harusi. Ubaya ni kwamba kila programu ya kuendesha kompyuta pepe ina namna yake ya kuandika mafaili hayo. Diski iliyoandikwa na programu moja, nyingine inaweza kuikataa kabisa. Au ikaikubali nusu, na hapo ndipo balaa lilipo.

Zahanati ilinunua mfumo mpya. Kampuni iliyouleta, ambayo sitaitaja, ilimtuma mtaalamu anayeitwa Deus ahamishe kumbukumbu kutoka kwenye diski ya zamani. Hakufanikiwa. Akaiandikia kamati ya zahanati kwamba data imekufa. Kamati ikaamua: Jumatatu watoto wote waanze upya, kompyuta ya zamani ifutwe, ipelekwe ofisi ya parokia ikatumike kuchapa matangazo.

Data imekufa. Nalichukia neno hilo. Wanaolisema mara nyingi wamejaribu mara moja na wana njaa ya chakula cha mchana.

Jumatano asubuhi nilifunga laptop mgongoni, nikawasha pikipiki yangu, nikashuka kuelekea Muleba.

Mwenyekiti wa kamati alinipokea kwa adabu, lakini ya kunisindikiza mlangoni. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa suti hata kwenye joto. Alisema wataalamu wameshaangalia. Nikamjibu kwamba na mimi ni mtaalamu, na sijaangalia. Akaangalia saa yake.

"Mpaka Ijumaa, dada Koku. Baada ya hapo tusirudi nyuma."

Deus alikuwepo. Nilikwenda nimejiandaa kumchukia, na kwa siku nzima nilifaulu. Nilimwuliza alichofanya, akanieleza bila kuficha. Alifungua folda ya diski ya zamani, akakuta faili moja kubwa lenye jina la zahanati, akaliwasha kwenye programu yake. Likawaka. Lakini watoto waliokuwemo walikuwa wa zamani sana, na baada ya hapo hapakuwa na kitu. Akahitimisha kwamba kilichofuata kimepotea.

"Uliwasha nakala au ile yenyewe?" nikamwuliza.

"Ile yenyewe."

Nilitoka nje, nikasimama kwenye mibuni ya zahanati mpaka nikaweza kusema bila kupayuka.

Acha nieleze kilichotokea, maana hiki ndicho kiini cha yote. Miaka mingi nyuma, daktari aliyeuanzisha mfumo huo alitaka kuuboresha, na kwa tahadhari akagandisha hali ya diski ilivyokuwa siku ile. Sisi tunaita snapshot. Ukishafanya hivyo, faili la msingi haliandikwi tena. Kila kipya kinaingia kwenye faili la pili, linaloegemea lile la kwanza. Fikiria nyumba iliyoongezewa chumba: chumba kipya hakina ukuta wa nne, kinatumia ukuta wa nyumba ya zamani. Daktari alisahau kuviunganisha. Watoto wa miaka yote iliyofuata wakawa wanaishi kwenye chumba cha pembeni, na hakuna aliyejua, kwa sababu mfumo ulifanya kazi vizuri.

Mpaka Deus alipowasha nyumba ya zamani peke yake. Kompyuta ikiwashwa inaandika mambo yake hapa na pale. Ukuta ukasogea. Sasa chumba cha pembeni kilikuwa kimeegemea ukuta ambao haupo pale ulipokuwa, na hata programu ya zamani ilikataa kukifungua.

Mafaili haya yana namba za kutambuana. La pili linabeba namba ya la kwanza, na zikitofautiana programu inagoma. Kuna ujanja. Namba hiyo imeandikwa kwa maandishi ya kawaida, unaweza kuifungua na kuibadilisha kwa mkono ili ifanane. Mtandaoni watu wanapeana ujanja huu kama dawa ya mafua.

Nilinakili kila kitu kwenye diski yangu, nikaufanya kwenye nakala. Mfumo ukafunguka. Majina yakajaa kwenye skrini, ya zamani na mapya, na Adventina akanishika bega kwa nguvu mpaka nikaumia. Yule mwenyekiti alichungulia kutoka mlangoni akasema basi imekwisha, Mungu mkubwa.

Kisha Adventina akasoma kwa sauti ya chini, "Huyu hajafikisha mwaka. Ana kilo hamsini na nne."

Tukafungua mwingine. Dozi yake haikuwa yake. Wa tatu alikuwa na majibu ya damu ya tarehe ambayo hakuwa amezaliwa.

Hapa nakiri jambo. Kwa muda, mfupi lakini upo, nilitamani kunyamaza. Kila mtu chumbani alikuwa amefurahi. Ningefunga laptop, ningepokea asante yangu, ningefika Nyanga kabla ya giza. Nilimwangalia Adventina, naye aliniangalia, na tukajua kwamba diski inayokataa kufunguka ni afadhali kuliko diski inayosema uongo.

Nikaizima.

Mwenyekiti akauliza kwa nini nimezima kitu kinachofanya kazi. Nikamwambia hakifanyi kazi, kinabahatisha. Hakunielewa, au hakutaka. Alisema nimeharibu muda wa watu. Usiku huo nililala kwa Adventina.

Kilichokuwa kinahitajika ni msingi ambao Deus hakuugusa. Ukuta wa zamani, ulivyokuwa. Na kama upo duniani, ungekuwa kwa mtu mmoja tu, yule aliyeugandisha.

Daktari Mutalemwa amestaafu, anaishi Kamachumu. Adventina alikuja Buganguzi baada yake na hajawahi kufanya naye kazi, lakini alikuwa amesikia habari za kuondoka kwake. Alhamisi nikapanda Kamachumu.

Nilimkuta kwenye kibanja, anakata majani makavu ya migomba. Nikapiga goti kidogo, nikamsalimu kwa Kihaya, "Kamwaiko, waitu." Akaitikia, akanawa mikono, akanikaribisha ndani. Mkewe akaleta akamwani kwenye kikapu kidogo, tukatafuna kahawa kimyakimya kama inavyotakiwa. Nikaanza kueleza. Hakuniacha nifike mbali.

"Kamati imekwama," alisema.

"Imekwama, mzee."

"Ikae hapohapo."

Akanieleza kwa nini. Siku yake ya mwisho walimnyang'anya funguo getini, wagonjwa wakiona, kama mtu aliyeiba. Hakuna aliyemwambia asante. Alikuwa na nakala ya mfumo, ndiyo, aliichukua siku za mwisho kwa sababu hakuamini kwamba watautunza. Lakini hakuwa na deni na mtu kule.

Njiani nilikuwa nimejipangia maneno matamu ya kumlainisha. Yote yaliniishia. Nilikubaliana naye, ndiyo ukweli. Mtu akifanyiwa hivyo ana haki ya kukasirika, na mimi siku hizo sikuwa na uwezo wa kumhubiria mtu kuhusu hasira.

"Mzee, sikuja kuwaombea msamaha," nikasema. "Wachukie tu. Ila Jumatatu watoto wote wanarudishwa dozi ya kuanzia, halafu wanapandishwa kwa pamoja. Hata Jovina."

Jovina si jina lake. Nimelibadilisha, kama nilivyobadilisha majina ya wote humu.

Akaacha kutafuna. "Jovina yupi? Wa yule mama wa maandazi?"

"Huyohuyo. Kadi yake ililowa, maandishi yamefutika."

"Huyo hapandishwi." Sauti ilibadilika. "Tulimpandisha, chembe za damu zikashuka, tukamkimbiza hospitali kubwa. Hapandishwi huyo. Muuguzi hajui?"

"Anakumbuka kuna onyo, lakini undani wake alikuwa anausoma kwenye mfumo. Mfumo haufunguki."

Kisha akaanza kuwataja watoto mmoja mmoja, kwa majina, kwa vidole, huyu aliyezaliwa Ijumaa, huyu wa bibi yake, huyu mwenye pacha asiyeumwa. Akafika mahali akakwama, akarudi nyuma, akakwama tena. Mkewe alikuwa mlangoni anamtazama.

"Siwezi kuwakumbuka wote," alisema, kwa mkewe, si kwangu.

Akaenda chumbani. Nilidhani ameenda kunyoosha mgongo. Alirudi amevaa koti, diski ya nje imefungwa kwenye kitambaa, akaisukuma kwenye mfuko wa ndani.

"Siikabidhi kwa mtu," akasema. "Naibeba mwenyewe."

Nilimwomba tuondoke asubuhi kwa sababu mvua ilikuwa imefunga na mteremko ule ukiwa na tope si wa kubebea mzee. Akakubali kwa shingo upande, nami nikalala kwao. Jana alfajiri alikuwa amesimama nje kabla sijamaliza chai.

Sitaeleza safari. Nitasema tu kwamba alinishika kiuno kwa mkono mmoja na koti kwa mkono wa pili, na kila tulipopita kwenye kona alisema "taratibu, mwanangu" kwa sauti ya mtu asiyeogopa hata kidogo.

Buganguzi walikuwepo wote. Adventina, Deus, mwenyekiti na suti yake. Akina mama kadhaa walikuwa kwenye benchi na watoto, maana Ijumaa ni siku ya kliniki. Mzee Mutalemwa alipita getini bila kuangalia kushoto wala kulia. Mama mmoja alinyanyuka akampigia magoti, kisha wa pili, na nikaona mzee anapepesa macho haraka.

Mwenyekiti alimsalimia. Halafu akaona diski mezani.

"Yaani kumbukumbu za wagonjwa zimekaa nyumbani kwako miaka yote hii?"

"Zimekaa."

"Unajua hilo ni kosa."

"Najua. Andika barua, nitajibu."

Mwenyekiti alifungua mdomo aendelee, na mimi nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza mtu wa umri wake. Nikasema hayo wana haki ya kuyazungumza na ni ya maana, lakini sasa hivi nahitaji meza hii na umeme, na anayetaka kusema asemee nje. Adventina akasogeza vikombe.

Nilichukua msingi kutoka kwenye diski ya mzee, nikachukua faili la pili kutoka kwenye kompyuta ya zahanati, nikaviweka kwenye folda moja. Sikubadilisha namba yoyote. Nilisoma namba ya kwanza, nikasoma ya pili.

Zilifanana.

Nikaamuru programu iviunganishe na kuviandika upya kama diski moja, kwa umbo ambalo mfumo mpya unaweza kulisoma. Asilimia zilipanda kwa uvivu. Katikati umeme ukakatika, kama kawaida yake, laptop ikaendelea kwa betri na diski ya mzee ikaendelea kunguruma. Nilikuwa nimeweka mkono juu yake, sijui kwa nini. Mzee Mutalemwa alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, mikono magotini.

Ilipokamilika niliiwasha. Skrini ya bluu, ile ya kompyuta iliyogoma kuwaka.

Nikawasha tena. Bluu.

Nilihisi machozi yanakuja na nikakataa. Nikajaribu mipangilio ya kumbukumbu, nikajaribu ya prosesa, nikaanza kutapatapa mbele za watu. Na hapo Deus, ambaye alikuwa amekaa pembeni tangu asubuhi, akasogeza kiti.

"Ile ya zamani ilikuwa inaona diski kwa njia ya IDE," alisema. "Wewe umeiwekea SATA. Haiijui. Haipati pa kuwakia."

Alikuwa sahihi. Mfumo wa zamani ulikuwa umefundishwa mlango mmoja wa kufikia diski, na mimi nilikuwa nimeuwekea mlango mwingine. Ni kitu cha kwanza ambacho ningemwambia mtu mwingine akague. Hasira ilikuwa imenifunga macho, na yule niliyemkasirikia ndiye aliyeona.

"Badilisha wewe," nikamwambia, nikampa laptop.

Akabadilisha. Ikawaka.

Hakuna aliyeshangilia. Tulishajifunza. Adventina alifungua mtoto wa kwanza, akamwita mama yake kutoka kwenye benchi, akamwuliza uzito wa mara ya mwisho. Ukaoana. Wa pili ukaoana. Yule wa kilo hamsini na nne alikuwa na kilo nane na nusu, kama mtoto yeyote wa umri wake. Kisha akafungua Jovina. Kulikuwa na mstari mmoja juu ya dozi, na Adventina alimgeuzia mzee skrini ausome yeye.

"Asipandishwe," alisoma. "Nimeandika mimi hii."

Mama yake Jovina aliuliza kama mtoto aendelee na kidonge kilekile. Adventina akamwambia ndiyo, kilekile. Mama akashukuru, "wakola," akachukua dawa, akaondoka. Kwake ilikuwa Ijumaa ya kawaida. Nilitamani iwe hivyo, na nikaumia kidogo kwamba ilikuwa hivyo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mwenyekiti aliniita pembeni. Alishukuru, kwa kweli alishukuru. Kisha akasema kwa kuwa data imeonekana, Jumatatu yahamishwe majina tu, mengine yatajazwa taratibu, na kompyuta ya zamani iondoke kama ilivyopangwa. Mkataba na kampuni hausemi lolote kuhusu historia za dozi. Parokia inasubiri mashine yake.

Nikasema hapana.

Akaniambia sina cheo kwenye zahanati ile. Ni kweli, sina. Nikamwambia Adventina anacho. Adventina, ambaye tangu shule nilikuwa namtuma akaniombee ruhusa kwa matroni kwa sababu yeye ndiye mpole, alisimama akasema kompyuta ya zamani haitoki na haifutwi mpaka kila mtoto ahamishwe na historia yake yote na mama yake aulizwe. Akaing'oa waya, akaifungia kwenye kabati la dawa pamoja na diski ya mzee. Mzee hakuidai. Deus akasema, akiangalia chini, kwamba bosi wake hatapenda, lakini anaweza kukaa siku za ziada.

Nilimrudisha mzee Kamachumu. Aliposhuka aliniuliza kama Adventina atahitaji mtu wa kumsaidia kusoma vifupisho vyake, maana mwandiko wake hata kwenye kompyuta una mafumbo. Nikamwambia atahitaji.

Leo mchana mwenyekiti amenitumia ujumbe wa heshima: anaomba mambo ya zahanati yasifike mtandaoni. Nimeufikiria. Majina nimebadilisha, watoto nimewaficha. Kilichobaki si siri ya mtu. Kuna zahanati nyingine, na shule, na vyama vya wakulima wa kahawa, ambako leo mtu anaambiwa diski yake imekufa na anakubali kwa sababu aliyesema ana kitambulisho shingoni. Kwa hiyo naandika. Usiwashe diski ya asili, washa nakala. Nakili folda nzima, si faili moja ulilolipenda. Kagua kama kuna faili la pili linaloegemea la kwanza. Ikikataa kuwaka, tazama imewekewa mlango gani wa diski kabla hujalia. Na usibadilishe namba kwa mkono ili tu watu wafurahi.

Nimemjibu mwenyekiti kwamba nimeupata ujumbe wake.

Jumatatu zahanati ikifunguliwa nitakuwa nimeshafika. Nitakaa karibu na Deus, tutahamisha mtoto mmoja, tutamwita mama yake, tutahamisha mwingine. Mwenyekiti akinichoka, azoee.